Nyuzi, gundi au plasta: mwenye ukurutu achague nini kabla ya kupasuliwa

Kwenye kaunta ya duka la dawa hapa Malindi, swali hili kwa kawaida huja likiwa limeshachelewa. Mtu ameshapasuliwa, kidonda kimefungwa vizuri, hakuna usaha wala harufu, lakini ngozi iliyo pembeni imevimba, imetoa malengelenge madogo madogo na inamuwasha kuliko kidonda chenyewe kinavyomuuma. Anauliza: "Mna plasta isiyodhuru?" Plasta isiyodhuru ngozi ya mtu yeyote haijatengenezwa. Zipo zenye udhia mdogo na zenye udhia mkubwa, na mwenye ukurutu, au pumu ya ngozi kama wengine waiitavyo, ndiye anayeijua tofauti hiyo saa nane za usiku.

Nitoe msimamo wangu mapema. Kama una ukurutu na unakwenda kupasuliwa kwa miadi, si kwa dharura, omba kushonwa nyuzi badala ya kuzibwa kwa gundi ya ngozi. Omba pia kidonda kifunikwe kwa shashi iliyoshikwa na bendeji ya kuzungusha, ikiwa ni mahali panapozungushika. Pasipozungushika, plasta ya silikoni. Ikikosekana, plasta ya karatasi. Ile plasta ngumu ya kitambaa, nyeupe au ya rangi wanayoiita "ya ngozi" (ngozi ya nani, sijui), iwe ya mwisho kabisa. Zipo hali zinazougeuza mpangilio huu, na nitazitaja.

Ugomvi wa mafuta na gundi

Ngozi yenye ukurutu ina ukuta wa nje dhaifu. Maji ya mwilini hupotea kwa urahisi na vitu vya nje hupenya kwa urahisi. Hata pale panapoonekana pazima, ukuta huo haujakamilika kama wa mtu mwingine. Aidha, ngozi hiyo hukaliwa sana na bakteria aina ya stafilokokasi, ndiyo maana mchubuko mdogo kwa mwenye ukurutu huota maji na kuoza upesi.

Sasa tazama maisha yake ya kila siku. Dawa yake kubwa ni mafuta: Vaselini, mafuta ya nazi, krimu nzito, asubuhi na jioni na kila baada ya kuoga. Kila kitu kinachobandikwa mwilini, kuanzia plasta ya senti chache hadi gundi ya thieta, hakitaki mafuta. Hutaka ngozi kavu, safi, isiyoteleza. Ukipaka mafuta, plasta inabanduka; usipopaka, ngozi inakauka, inapasuka na kuwasha, unajikuna, na plasta inabanduka vilevile ikiwa na kipande cha ngozi juu yake. Ulinganisho wote unaofuata nimeupima kwa swali hili: kipi kitamruhusu mtu aendelee kupaka mafuta yake karibu na kidonda bila kukiharibu?

Njia ya kuishi na ugomvi huo ni hii. Siku ya upasuaji eneo litakalokatwa lisipakwe chochote, sehemu nyingine zote za mwili zipakwe kama kawaida. Baada ya hapo acha upana wa kiganja kuzunguka kidonda pakiwa pakavu, na kwingine endelea. Wengi huacha mafuta mwili mzima kwa woga, na baada ya siku nne ukurutu unalipuka viwiko, shingo na nyuma ya magoti, na lawama zote zinaangukia plasta.

Gundi ya ngozi na nyuzi

Gundi inayotumika thieta ni ya ukoo wa sianoakrilaiti. Ni ukoo ule ule wa gundi ya dukani inayonatisha vidole, ila hii ya hospitali imetengenezwa kwa molekuli ndefu zaidi ili isiunguze na isiwe ngumu kama kioo. Dermabond, inayojulikana zaidi, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Sifa zake ni za kweli. Hakuna sindano wala nyuzi za kutoa, hukauka ndani ya dakika chache, huzuia maji, na hujibandua yenyewe baada ya siku 5 hadi 10 hivi. Kwa mtoto aliyepasuka kidogo paji la uso na ana ngozi ya kawaida, sioni sababu ya kumtia sindano.

Kwa mwenye ukurutu hesabu ni nyingine. Kwanza, gundi ikishakauka haitoki kwa mkono. Plasta ikikuwasha utaibandua kwa dakika moja, uzi ukileta shida nesi ataukata. Gundi ikileta mzio utakaa nayo, maana kuitoa mapema ni kuhatarisha kidonda kifunguke, na kinachoilainisha ni mafuta yale yale uliyokatazwa kupaka. Pili, mzio wake ni wa aina inayochelewa. Mtu ambaye mwili wake haujawahi kukutana nayo anaweza kukaa wiki nzima akiwa salama, kisha wiki ya pili, siku ambayo alitegemea gundi ianze kumenyuka, eneo lote linaanza kuwasha na kutoa malengelenge. Ukitumia tena safari nyingine, mwili haungoji wiki: ndani ya siku moja hadi tatu unajibu.

Tatu, na hili wanawake wa huku tulishike vizuri: gundi ya kubandikia kope bandia na ile ya kucha za kubandika ni za sianoakrilaiti pia. Kucha za jeli nazo hutengenezwa kwa kemikali za akrilaiti, binamu zake. Harusi za Lamu na Malindi siku hizi haziendi bila vitu hivyo. Kama kope ziliwahi kukuvimbisha macho, au vidole vilikuwasha na kupasuka kuzunguka kucha, mwambie daktari kabla ya upasuaji. Usingoje akuulize, kwa sababu fomu nyingi huuliza mzio wa dawa na wa chakula, haziulizi kope. Vilevile mwambie kama unajua una mzio wa fomalini, yaani maji yenye fomaldihaidi. Watengenezaji wenyewe wameandika kwamba gundi hiyo isitumiwe kwa mtu mwenye mzio wa sianoakrilaiti au wa fomaldihaidi, na fomaldihaidi ni mojawapo ya vitu vinavyopatikana gundi inapooza taratibu juu ya ngozi.

Nikiyasema haya si kwamba gundi humdhuru kila mtu. Wengi wenye ukurutu hutiwa gundi wakapona salama. Hoja yangu ni kuwa ikikataa, huna pa kukimbilia, na nyuzi zinakupa pa kukimbilia.

Nyuzi za nailoni ngozi huzivumilia vizuri. Ubaya wake ni matobo: kila uzi unaingia na kutoka, na kwenye ngozi yenye stafilokokasi wengi kila tobo ni mlango. Kwa hiyo nyuzi hazitakiwi kukaa zaidi ya muda wake. Za usoni hutolewa siku ya 5 hivi, za tumboni na mgongoni siku ya 7 hadi 10, za miguuni na kwenye viungo siku ya 10 hadi 14. Ukiona zimepitisha muda kwa sababu ya safari au sikukuu, nenda ukazitoe kesho yake.

Hapo kuna tofauti kati ya anayekaa Malindi mjini na anayekaa Kizingitini, kisiwani Pate. Huku ni tuktuk tu. Anayetoka Pate anategemea boti, na mkondo wa Mkanda zinamopita boti hizo una saa zake za maji. Yakitoka, nahodha anangoja. Msimu wa kusi ukichafuka, siku ya 10 inaweza kuwa ya 13 bila kosa la mtu. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa wa mbali hupendelea gundi, na siwalaumu. Lakini kuna njia mbili wasizoambiwa. Moja, nyuzi si lazima zitolewe hospitali ile ile uliyopasuliwa: kituo cha afya au dispensari ya karibu nawe inaweza, mradi una karatasi inayosema zilitiwa lini na ni ngapi. Mbili, zipo nyuzi zinazoyeyuka zenyewe, zinazoshonwa chini ya ngozi, hazihitaji kutolewa.

Hizo za kuyeyuka zina mtego wake. Daktari akishashona chini ya ngozi, mara nyingi humalizia juu kwa kupaka gundi, au kwa kubandika vile vibandiko vyembamba vya kuvuta kingo za kidonda. Mgonjwa akiambiwa "tumekushona" anaamini hana gundi mwilini, naye anayo. Kwa hiyo ombi lako lisiishie kwenye "nishoneni nyuzi". Liwe "nishoneni nyuzi, na juu yake msitie gundi."

Pini za chuma na vibandiko vyembamba

Pini hutumika zaidi kwenye ngozi ya kichwa na kwenye mipasuko mirefu ya tumbo. Ni za chuma kisichoshika kutu, chenye nikeli ndani yake, ingawa hutoa nikeli kidogo sana. Kama vipuli vya bei rahisi au kifungo cha jinzi hukutoa vipele, taja. Mara nyingi hazileti shida, na zinatoka mapema.

Vibandiko vyembamba vinafaa mikato midogo isiyovutwa na misuli. Kinachonitia shaka ni kile kinachopakwa chini yake ili vishike, kimiminika cha kahawia chenye harufu tamu, tinkcha ya benzoini. Ni utomvu wa mti, wa jamii ya vitu vya kufukizia, na mtu anayedhurika na manukato ana sababu ya kuuogopa. Vibandiko bila tinkcha, ndiyo. Vikiwa na tinkcha, kwa ngozi ya ukurutu, hapana.

Kinachofunika: karatasi, kitambaa, silikoni, filamu

Watu wengi hawapatwi na mzio wa kilichoshona kidonda bali wa kilichokifunika, na hapa ndipo mgonjwa ana sauti zaidi, kwa sababu plasta unaweza kujinunulia mwenyewe ukaenda nayo wodini.

Plasta ya kitambaa yenye zinki hushika kama kupe. Gundi yake, kwa asili, ni mpira pamoja na kolofoni, utomvu wa msonobari unaoongeza kunata. Vyote viwili vinajulikana kwa mzio. Matoleo mengi ya siku hizi hayana mpira wa asili, soma boksi. Kama glovu au puto hukuwasha, au ndizi, parachichi na papai hukuwasha kinywani, huenda una mzio wa mpira, na huo si wa kuvumilia: wenyewe unaweza kuja papo hapo, uso ukavimba na pumzi ikakata. Kwa mtu huyo thieta nzima inabidi ijiandae, si plasta pekee. Kwa wengine wote ubaya wa plasta hii ni nguvu zake. Imetengenezwa kushika kifundo cha mguu wa mchezaji mpira, na sisi tunaibandika kwenye tumbo la mwanamke aliyejifungua juzi kwa kisu.

Plasta ya karatasi, ambayo wengi wanaiita Micropore hata kama ni ya kampuni nyingine, ina gundi ya akrilaiti, haina mpira, inapitisha hewa na hushika kwa upole. Kwenye maduka ya Malindi na Lamu hiyo ndiyo inayopatikana kirahisi na bei yake haitishi. Kwa ukurutu, silikoni ikikosekana, ndiyo chaguo langu la kawaida. Kasoro yake ni kwamba siku ya kwanza inashika kidogo, lakini ikikaa muda mrefu inazidi kushika, na ukiibandua siku ya tano inaondoka na ngozi. Watu huipenda kwa sababu haiumi ikibandikwa, kisha huisahau. Ibadilishwe mapema.

Plasta ya silikoni hainati kwa namna hiyo. Hulala juu ya ngozi na kutulia kwenye mikunjo yake, hubanduka bila kuchukua kitu, na unaweza kuiinua na kuirudisha. Kama ingekuwa bei moja na ya karatasi nisingeandika makala haya. Si kila duka linaiweka, hivyo agiza kutoka Mombasa kabla ya siku ya upasuaji. Udhaifu wake ni jasho, ambalo tutalifikia.

Filamu ya plastiki inayoonekana ndani inafaa kwa sababu kidonda hutazamwa bila kufunguliwa, na huvumilia maji. Gundi yake ni akrilaiti na imeenea upande wote, kwa hiyo ikidhuru, inadhuru eneo pana. Vile vibandiko vinene kama jeli, haidrokoloidi, sivipendekezi kwa mwenye mzio wa plasta unaojulikana, kwa kuwa baadhi yake vina kitu kilichotokana na kolofoni.

Neno moja juu ya maboksi. Yakiandika kwamba bidhaa haisababishi mzio, maana yake ni kuwa imepunguziwa vitu vinavyojulikana kuleta mzio. Si ahadi. Micropore pia ina watu wake inaowakataa.

Jinsi ya kubandua

Nimeona mtu akishika ncha ya plasta, akafumba macho na kuivuta juu kwa mkupuo. Sauti yake inasikika. Kwa ngozi ya ukurutu hiyo ndiyo dhara kubwa kuliko gundi yenyewe: tabaka la juu limeng'olewa, na kesho plasta mpya inabandikwa juu ya nyama mbichi.

Fanya hivi. Chukua pamba yenye tone la mafuta ya nazi, gusa ncha ya plasta tu, pembeni, mbali na kidonda, ungoje kidogo. Ikunje ncha irudi nyuma juu ya plasta yenyewe, uivute ikiwa imelala sambamba na ngozi, kuelekea vinyweleo vinakolala. Vidole vya mkono wa pili vikandamize ngozi pale pale inapoachana na plasta, vikisogea nayo. Enda polepole. Kisha ufute mafuta kwa kitambaa kibichi na ukaushe kabla ya kubandika nyingine, na hiyo nyingine isikae mahali pale pale. Sogeza pembeni kidogo kila safari ili ngozi ipumzike.

Waliotumia krimu za kujichubua, mkorogo na zile zenye steroidi (dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi) kama betamethasoni, wazidishe uangalifu mara mbili. Krimu hizo hukondesha ngozi, na ngozi iliyokonda huchanika kwa plasta ya karatasi. Hata aliyeandikiwa betamethasoni kihalali kwa ajili ya ukurutu wake, akaitumia miaka, ngozi yake ni hiyo hiyo.

Bendeji, mkaja na udhu

Bora kuliko plasta zote ni kutokuwa na plasta. Mkononi, mguuni, kichwani, kifuani kwa mtoto, shashi inashikwa na bendeji ya kuzungusha au ile ya neti inayovutwa kama soksi. Hakuna gundi, hakuna mzio wa gundi. Mafuta unapaka hadi karibu na ukingo.

Tumbo lina shida yake. Baada ya kupasuliwa kwa uzazi, wakunga na mama zetu wanataka mkaja ufungwe mara moja. Mkaja uliofungwa kwa wastani, wa leso laini iliyofuliwa na kukaushwa juani, unaweza kushika shashi bila plasta, na wapo madaktari wanaoruhusu. Uliokazwa mpaka mama hapumui, ukalowa jasho na kusugua kidonda, ni shida nyingine. Ruhusa itoke kwa daktari, na bibi asikie kwa masikio yake mwenyewe, maana ukimpelekea maneno hatakuamini.

Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, jasho halikauki. Hapo ndipo silikoni huteleza na karatasi kulowa. Plasta iliyolowa jasho haisubiri zamu ya kubadilishwa, inatolewa saa ile, kwani unyevu uliofungiwa pamoja na chumvi ya jasho huwasha hata ngozi nzima. Kama huwezi kulala bila feni, usifunge kidonda kwa filamu pana. Maji ya bahari yaache kabisa mpaka kidonda kifunge.

Udhu nao ni maji mara tano kwa siku. Kwa kidonda cha mkono au mguu, plasta isiyozuia maji haitafika adhuhuri, na hapa bendeji ya kuzungusha hupoteza alama zake, filamu ikapata. Fiqhi hata hivyo imeliachia nafasi: sehemu iliyofungwa hupanguswa juu ya kifungio, na kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi wa pwani huongezwa tayamamu. Muulize ustadhi wako akufafanulie hali yako. Nimewaona watu wazima wakibandua bendeji kila wakati wa sala kwa kudhani hawana njia.

Mwasho, mzio au kuoza?

Mzee mmoja wa Lamu, aliyetolewa uvimbe wa mafuta begani, alikuja akiwa ameshika shati lake mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu angalia hapa. Yaniwasha, silali."

Begani palikuwa na mraba mweusi, kingo zake zimenyooka kama zilizochorwa kwa rula, ukubwa wa plasta ya kitambaa. Ndani ya mraba ngozi ilimetameta. Nje ya mraba hapakuwa na kitu.

"Kuwasha kulianza lini?"

"Tangu jana nilipoitoa. Ilikuwa haitoki, nikaivuta."

Huo ni mwasho wa kuchunwa, si mzio. Hukaa ndani ya mipaka ya plasta, huanza mapema, na plasta ikiondoka hutulia ndani ya siku chache. Mzio una tabia nyingine. Huchelewa siku moja hadi tatu, au wiki na zaidi kwa mara ya kwanza, hutoa malengelenge, huvuka mipaka ya plasta, na huendelea hata kilichousababisha kikiwa kimeshatupwa. Kuoza kwa kidonda hakuwashi sana bali kunauma na kupiga kama mshipa, pana joto, pana usaha au harufu, na homa inaweza kuja.

Vitabu vingi husema tazama wekundu. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani hivyo. Tazama weusi uliozidi, rangi ya zambarau au ya kijivu, ngozi inayong'aa kwa kuvimba. Gusa kwa mgongo wa mkono ulinganishe joto na upande wa pili wa mwili. Alama nyeusi itakayobaki baadaye inaweza kukaa miezi, haina maana kwamba ugonjwa unaendelea.

Kwa mwasho wa kuchunwa inatosha kuacha plasta na kupaka Vaselini. Mzio mara nyingi huhitaji krimu ya steroidi, ipakwe pembeni kwa maelekezo, isiingie ndani ya kidonda. Dawa ya kuzuia mwasho kama setirizini humsaidia mtu alale. Kuoza ni hospitali. Uso ukivimba au pumzi ikiwa nzito, ni hospitali sasa hivi.

Usisahau kuwa si kila kilicho chini ya plasta ni plasta. Iodini isiyoachwa ikauke kabla ya kufunikwa huunguza. Dettol na spiriti juu ya kidonda kibichi ni adhabu. Krimu ya neomaisini, dawa ya kuua bakteria ambayo watu hujinunulia "isije ikaoza", ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya mzio wa ngozi. Vaselini tupu ingefaa zaidi. Na aliyewahi kuungua na piko, ile rangi nyeusi ya kujichora harusini, huenda ana mzio wa rangi yake, ambao si mzio wa plasta, lakini autaje, kwa kuwa baadhi ya dawa za ganzi za kupaka zinahusiana nao.

Kabla ya siku, na kama umeshachelewa

Unaweza kujipima plasta nyumbani: kata kipande kidogo, bandika upande wa ndani wa mkono pasipo na ukurutu kwa siku 2, tazama unapobandua na tena siku mbili baadaye. Usijipime hivyo kama plasta iliwahi kukutoa malengelenge, na usijipime gundi ya ngozi kamwe, kwani unaweza kuufundisha mwili mzio ambao haukuwa nao. Kipimo kamili cha kubandika mgongoni hufanywa na daktari wa ngozi, husomwa baada ya saa 48 na tena siku ya 3 au ya 4, na krimu za steroidi mgongoni au vidonge vyake vinaweza kukipotosha, hivyo mwambie unachotumia.

Kama ukurutu umelipuka mahali patakapokatwa, na upasuaji ni wa kungojeka kama ngiri au mshipa, uliza kama tarehe inaweza kusogezwa mpaka ngozi itulie. Kukata juu ya ukurutu mbichi ni kukaribisha stafilokokasi.

Kwa aliyeingizwa thieta kwa dharura usiku na kuamka akiwa ameshabandikwa, asijibandue mwenyewe. Aulize wodini: hii ni plasta gani, na chini yake kuna gundi au nyuzi? Kidonda safi kilichoshonwa vizuri kwa kawaida huwa kimejiziba juu ndani ya saa 24 hadi 48, na baada ya hapo vingi havihitaji kufunikwa tena isipokuwa vinapovuja au kusuguliwa na nguo. Mwombe nesi akikague siku ya pili. Akisema kiachwe wazi, vaa dera pana, lala upande wa pili, na plasta uliyonunua irudi kabatini.